Spesa za Magurudumu: Pima Habu Kabla ya Kufungua Pochi

Ukienda Gerezani kule Kariakoo, Kirinyaga Road jijini Nairobi au soko la Kisekka mjini Kampala, spesa za magurudumu hutazikosa. Ni duara za alumini, nyingine nyembamba za milimita tatu au tano, nyingine nene zenye stadi zake zilizochomoza upande mmoja. Muuzaji atakuuliza gari lako ni lipi, atakupa jozi mbili, na fundi aliye nje ya duka atakuwa tayari na jeki. Kabla jeki haijaingia chini ya gari, naomba unisikilize. Kifaa hiki kinakaa mahali ambapo gurudumu linashikana na gari, na hakuna sehemu nyingine ya mapambo ya gari ambayo ukiikosea inaweza kukutoa tairi barabarani ukiwa kwenye mwendo wa kilomita mia kwa saa.

Siandiki kukutisha uachane nazo. Spesa iliyotengenezwa vizuri, ikachaguliwa kwa vipimo vya gari lako na kufungwa kwa utaratibu, inaweza kukaa miaka. Ila kila neno katika sentensi hiyo lina uzito wake, na kwetu mara nyingi linatimizwa moja tu: gari linatajwa jina, spesa inatolewa.

Anza na sababu. Spesa inasogeza gurudumu nje kwa unene wake, basi. Kuna mahitaji ya kweli yanayotatuliwa hivyo. Umenunua rimu pana na upande wa ndani unakaribia kugusa shokamzoba. Umeweka breki kubwa zaidi na kaliper inakwaruza mikono ya rimu. Umevalisha Prado au Hilux matairi mapana ya njia mbovu na ukikata kona yanasugua chasisi. Au una Subaru ya zamani yenye habu ya 5x100, yaani stadi tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, na umepata rimu nzuri za 5x114.3, ukahitaji spesa ya kubadilisha mpangilio wa matundu. Wengi, hata hivyo, wanachotaka ni gari lisimame kwa upana, tairi lijae mudigadi. Ni haki yao, gari ni lao. Maoni yangu kwa kundi hili ni haya: kama unene unaoutaka unazidi milimita 20 na gari ni la kawaida la familia, uza rimu ulizo nazo utafute zenye ofseti inayofaa, yaani umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye habu. Utapata mwonekano uleule bila kuongeza kipande kati ya rimu na habu, na tofauti ya bei mara nyingi si kubwa ukijumlisha spesa nzuri, stadi, nati na kazi ya fundi.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo nikilieleza vizuri mengine yote yatajieleza yenyewe. Watu wengi huamini kwamba stadi ndizo zinazobeba gari, kwamba rimu imening'inia juu yake. Ingekuwa hivyo zingekatika mapema sana. Kazi ya stadi ni kuvuta. Nati inapokazwa, stadi hurefuka kwa kiasi kidogo mno, na kwa kuwa chuma kinataka kurudi urefu wake, kinaibana rimu kwenye uso wa habu kwa nguvu kubwa. Msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba uzito wa gari, ndio unaopokea breki, ndio unaostahimili shimo na tuta. Nyuso zikiwa bapa, safi na zimebanwa sawasawa, rimu haisogei, na stadi haijui hata kama gari linatembea.

Weka uchafu katikati na hesabu yote inaharibika. Kutu, mchanga, rangi nene ya kupuliza, hata kijipande cha alumini kilichobaki baada ya kuchonga, vyote husagika taratibu gari likienda. Vikisagika, nafasi inalegea kwa sehemu ndogo ya milimita, na mvuto wa stadi unapotea bila nati yenyewe kuzunguka hata kidogo. Ndiyo maana mtu hukwambia alikaza vizuri kabisa, na anasema kweli. Kuanzia hapo rimu inacheza, na kila gurudumu linapozunguka stadi hupindwa huku na kurudishwa huku. Tairi la gari dogo huzunguka takribani mara 500 kwa kilomita moja. Safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kama kilomita 190, ni karibu mapindo 100,000. Chuma huchoka. Stadi moja inakatika, mzigo wake unagawiwa kwa zilizobaki, nazo zinakatika kwa haraka zaidi kuliko ya kwanza.

Bila spesa una ungio moja: habu na rimu. Ukiweka spesa unakuwa nayo mawili, habu na spesa, kisha spesa na rimu. Kila moja linahitaji usafi uleule, ubapa uleule na mbano uleule. Hapo ndipo hatari yote ya spesa ilipo, na si kwenye alumini yenyewe kama wengi wanavyodhani.

Kuna kitu cha pili kwenye habu ambacho ni lazima ukijue. Katikati yake pamechomoza shingo ya duara, na rimu ya kiwandani huingia pale kwa kubana. Shingo hiyo huiweka rimu katikati barabara wakati nati zinapokazwa, ili isikae pembeni kwa nusu milimita na kukupa mtikisiko wa usukani. Kila gari lina kipenyo chake. Toyota ndogo kama Vitz, Probox na Fielder zina milimita 54.1. Subaru ni 56.1. RAV4 na Noah ni 60.1. Nissan X-Trail ni 66.1. Volkswagen Golf ni 57.1. Namba hizi zisikuchoshe, kwa sababu ndizo zinazofichua udanganyifu wa kawaida kuliko wote: mpangilio wa matundu ya stadi kufanana na vipimo vingine kutofautiana.

Chukua pikapu na magari makubwa ya mpangilio wa 6x139.7. Hilux, Prado, Ford Ranger na Mitsubishi Pajero zote zinatumia mpangilio huo, kwa hiyo spesa ya moja itaingia kwenye stadi za nyingine. Lakini shingo ya Hilux na Prado ya 150 ni milimita 106.1, ya Ranger ni 93.1, ya Pajero ni 67.1. Spesa ya Hilux ukiivalisha Pajero inaelea, imeshikwa na stadi pekee. Muuzaji atasema imekaa. Imekaa kwa macho tu. Na nyuzi pia hazilingani kila mahali: Toyota nyingi hutumia stadi ya milimita 12 yenye nyuzi za hatua ya 1.5, yaani milimita 1.5 kati ya uzi na uzi, Nissan, Subaru na Suzuki nyingi hutumia 12 yenye hatua ya 1.25. Nati ya moja itaanza kuingia kwenye stadi ya nyingine kwa mzunguko mmoja au miwili, kisha inakaza ghafla. Fundi mwenye mashine ya upepo hatahisi lolote, ataipitisha kwa nguvu, na nyuzi zimekwisha kuliwa. Land Cruiser za 100 na 200 zina mpangilio mwingine, 5x150, shingo ya 110.1, stadi za milimita 14.

Wapo pia wanaobeba 5x112 ya Volkswagen au Mercedes na kuilazimisha kwenye habu ya 5x114.3. Tofauti ya milimita 2.3 kwenye kipenyo inamaanisha kila stadi iko nje ya mahali pake kwa zaidi ya milimita moja. Ukikaza, stadi inapinda kabla hata gari halijatoka gereji. Kataa hilo bila mjadala. Kataa pia pendekezo la kutoboa habu matundu mapya kati ya yale ya zamani, isipokuwa mchongaji anakuonyesha kwamba chuma kinachobaki kati ya tundu na tundu kinatosha. Mara nyingi hakitoshi.

Basi, vipimo. Toa gurudumu, safisha, kisha pima kwa kalipa, ile ya kuteleza yenye meno mawili, ambayo siku hizi haina bei kubwa. Pima kipenyo cha shingo ya habu. Pima pia shingo imechomoza kiasi gani kutoka kwenye uso wa habu. Pima stadi imechomoza kiasi gani. Funga rimu tena kwa mkono bila kukaza na hesabu nati inazunguka mara ngapi kamili tangu iliposhika uzi hadi ilipogusa rimu. Andika yote.

Hesabu ya mizunguko ndiyo inayookoa watu. Kanuni inayotumika ni kwamba nati ishike uzi kwa urefu usiopungua kipenyo cha stadi. Kwa stadi ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5, hiyo ni mizunguko 8. Kwa ya 12 yenye hatua ya 1.25, ni karibu 10. Kwa ya 14 yenye hatua ya 1.5, ni zaidi kidogo ya 9. Tuseme Fielder yako inatoa mizunguko 10 bila spesa. Ukiweka spesa ya milimita 5, unapoteza mizunguko mitatu na theluthi, unabaki na chini ya saba. Spesa ya milimita tano, ambayo kila mtu huiita ndogo isiyo na neno, tayari imekutoa nje ya kanuni. Hapo unahitaji stadi ndefu zaidi, na usikubali maneno ya "itashika tu".

Magari ya Ulaya mengi hayana stadi, yana boliti zinazoingia ndani ya habu. Kwa hayo boliti mpya iwe ndefu kwa kiasi kilekile cha unene wa spesa, isizidi wala kupungua. Ikiwa fupi haishiki. Ikiwa ndefu mno inatokeza nyuma ya habu na kukwaruza viatu vya breki ya mkono au vitu vingine vilivyo ndani. Baada ya kufunga, zungusha gurudumu kwa mkono likiwa hewani, usikilize.

Unene wenyewe unafuata shingo. Spesa nyembamba sana haina shingo yake, inapita juu ya shingo ya habu na kuiacha itokeze mbele ili ishike rimu. Spesa nene ina nafasi ya kuchongwa shingo mpya upande wa nje, yenye kipenyo kilekile. Shida iko katikati. Tuseme shingo ya habu imechomoza milimita 10. Spesa ya 5 inabakiza 5. Lakini tundu la katikati la rimu huwa limekatwa mshazari mdomoni, kwa hiyo milimita mbili au tatu za kwanza hazishiki kitu. Unabaki na mbili au tatu zinazoshika kweli, nazo zinatosha. Ukiweka spesa ya 8, shingo imemezwa, na spesa yenyewe ni nyembamba mno kuwa na shingo yake. Rimu inaelea. Unene wa kati ya milimita 6 na 10 ndio unaouzwa sana kwa sababu bei ni ndogo na mabadiliko yanaonekana kwa macho, na ndio ninaouogopa kuliko mwingine wowote. Ukiuhitaji kweli, hakikisha shingo ya gari lako ni ndefu kiasi cha kutosha, ama spesa imechongwa shingo yake, ama unaacha.

Zile nene zenye stadi zake zina mpangilio tofauti. Unaifunga spesa kwenye habu kwa nati fupi zinazozama ndani ya matundu yake, kisha rimu inafungwa kwenye stadi za spesa. Kwa kawaida huanzia milimita 20 au 25, na unene huo hauchaguliwi kwa urembo. Stadi za gari zinapita ndani ya spesa; kama zimechomoza milimita 28 na spesa ni ya 20, zitatokeza milimita 8 mbele na kuizuia rimu isikae. Rimu nyingi za aloi zina vishimo nyuma, kati ya tundu na tundu, vinavyoweza kuzipokea ncha hizo. Rimu nyingi za chuma hazina. Usikisie: paka chaki kwenye ncha za stadi, egemeza rimu, itoe, tazama kama chaki imehamia nyuma ya rimu. Kama imegusa, ongeza unene wa spesa au stadi zikatwe kwa uangalifu. Kukaza nati ili "irudi yenyewe" ni kuipasua rimu.

Kwenye ununuzi, uliza madini. Spesa za kuaminika huchongwa kutoka kwenye alumini ngumu ya 6061-T6 au 7075-T6, na namba hizo huandikwa. Watengenezaji kama H&R na Eibach wa Ujerumani hutoa karatasi ya vipimo, na kule kwao spesa huambatana na ripoti ya majaribio, kisha gari hupelekwa kwa mkaguzi baada ya kufungwa. Sisemi lazima ununue za kwao, tena majina makubwa ndiyo yanayoigizwa. Ninachosema ni kwamba spesa isiyo na maandishi yoyote ya unene, kipenyo cha shingo, mpangilio wa matundu na madini, irudishe mezani. Iweke juu ya kioo bapa uone kama inayumba. Pima unene wake sehemu nne kwa kalipa. Nikiona tofauti inayozidi sehemu moja ya kumi ya milimita, siichukui. Angalia uso wake: vitundu vidogo vidogo vinaonyesha alumini ya kumiminwa, ambayo ni dhaifu.

Hapa niseme neno kwa mafundi wachongaji, kwa sababu ninawaheshimu na nimeona kazi zao nzuri. Mchongaji mwenye mashine ya lathe iliyo sawa anaweza kukutengenezea spesa bapa kuliko nyingi za kwenye maboksi. Tatizo si mkono wake, ni malighafi. Alumini iliyoyeyushwa kutoka kwenye masufuria mabovu, bloku za injini na mikebe haina nguvu inayojulikana na hakuna mtu anayeweza kukuambia itapasuka lini. Mpelekee nondo au bamba lenye namba ya daraja lake, au mwambie achonge kwa chuma, ingawa itakuwa nzito. Na spesa zile za "magari yote", zenye matundu marefu yanayokubali 4x100, 4x114.3, 5x100 na kadhalika, zimepoteza sehemu kubwa ya uso unaobana na hazina shingo. Ziache. Usiweke spesa mbili juu ya moja. Usitumie washa badala ya spesa, hata kwa safari ya kutoka gereji hadi nyumbani.

Siku ya kufunga, gari likae mahali tambarare, mawe chini ya magurudumu mengine, stendi chini ya chasisi pamoja na jeki. Kazi ndefu iwe kusafisha. Kutu kwenye uso wa habu iondoke kwa brashi ya waya na msasa mpaka uone chuma, hasa kuzunguka shina la kila stadi na kwenye kona ambapo shingo inakutana na uso, maana pale ndipo kutu hujificha na kuinyanyua spesa. Kwa sisi wa pwani, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Unguja, hili ni la lazima zaidi: hewa ya chumvi, na alumini kugusana na chuma, huzalisha unga mweupe unaokua katikati ya nyuso mbili na kuzigandanisha. Safisha nyuma ya rimu pia. Kama fundi wa rangi alipuliza hadi nyuma, toa rangi mahali panapobana. Grisi ipake kidogo kwenye mzunguko wa shingo tu, isije ikagusa uso unaobana wala nyuzi za stadi, kwa sababu kipimo cha kukaza kilichoandikwa na kiwanda ni cha nyuzi kavu. Ukizilainisha, stadi inavutwa kupita kiasi kwa kipimo kilekile.

Kama stadi ndefu zinahitajika, za zamani zitolewe na mpya ziingizwe kwa presi. Kuzivuta kwa nati na mashine ya upepo hunyofoa nyuzi na kuziacha nusu ndani, na baada ya siku kadhaa zinakaa vizuri zaidi na nati inalegea.

Kisha ivalishe spesa kwa mkono. Inatakiwa iteleze hadi mwisho na kukaa bila mwanga kupita nyuma yake. Ikigoma, usiigonge kwa nyundo. Kuna kutu au kipimo si chake. Anza nati zote kwa vidole. Kaza kwa mpangilio wa nyota, ukiruka upande wa pili, kwa hatua mbili au tatu, na kumalizia kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kipimo kinaandikwa kwenye kitabu cha gari, na Toyota nyingi ndogo ni Nm 103. Kwa spesa zenye stadi zake, nati za ndani zifuate karatasi ya mtengenezaji. Asiye na spana ya toki aelewe hesabu hii: spana yenye urefu wa sentimita 30 ukiibonya mwishoni kwa nguvu ya kilo 35, umepata karibu kipimo hicho. Fundi wa kilo 75 akisimama juu ya spana hiyohiyo amevuka Nm 200, mara mbili. Anadhani anakusaidia, kumbe amezinyoosha stadi hadi haziwezi kurudi.

Tazama pia umbo la kikalio cha nati. Rimu nyingi za aloi za Toyota zilizotoka kiwandani hutumia nati yenye shina refu na washa bapa. Rimu nyingi za dukani hutaka nati ya kichwa cha mshazari. Honda na Volkswagen hutumia cha mviringo. Nati ya mshazari kwenye tundu bapa hushika kwa ukingo mwembamba tu, na hapo mbano wote niliouzungumzia unakosekana.

Baada ya kufunga rimu, pima nafasi upya. Mfano: umetoka rimu ya inchi 6 ukaenda ya inchi 7 kwa ofseti ileile. Upana umeongezeka milimita 25.4, nusu yake, 12.7, imeingia ndani na nusu imetoka nje. Kama ulikuwa na nafasi ya 15 kati ya rimu na shokamzoba, unabaki na 2.3. Spesa ya 5 inakupa 7.3, inatosha, kwa kuwa shokamzoba ya mbele kwenye magari mengi madogo hutembea pamoja na gurudumu. Upande wa nje, hata hivyo, umesogea 17.7, na mudigadi haitembei na gurudumu. Pakia watu watano, zungusha usukani mwisho kulia na kushoto, pita kwenye tuta polepole, kisha utazame kama tairi lina alama.

Gari litahisi tofauti. Prado ya 150 yenye rimu za kiwandani za ofseti 25, ukiiwekea spesa za milimita 30, ofseti inakuwa hasi 5. Gurudumu limekwenda mbali na mahali ambapo mhandisi aliliweka, kwa hiyo mzigo unaivuta beringi kwa mkono mrefu zaidi, na usukani hupokea kila shimo kwa ukali. Kwa gari linalobeba mizigo kwenye barabara za changarawe, beringi za magurudumu na vichwa vya usukani vitaisha mapema. Panga bajeti hiyo tangu mwanzo. Wasilisha pia mabadiliko hayo kwa maandishi kwa kampuni yako ya bima, na ubaki na nakala. Siku ya ajali mkadiriaji atayaona, na ni heri awe anayajua.

Kilomita 50 hadi 100 baada ya kufunga, kaza tena. Kwa spesa yenye stadi zake, hii inamaanisha kutoa rimu kabisa ili uzifikie nati za ndani, jambo ambalo mafundi hulikwepa kwa kukaza za nje pekee. Simama pale mpaka lifanyike. Kisha rudia kila unapofanya huduma ya gari. Mtikisiko wa usukani unaokuja na kuongezeka, mlio wa kugonga ukikata kona, au michirizi ya kutu inayotoka kwenye mashimo ya nati kuelekea nje, ni dalili za kusimama pembeni sasa hivi, usisubiri ufike.

Mwisho kuna pancha. Siku moja tairi litaisha upepo usiku, na atakayelitoa atakuwa fundi wa pancha asiyejua kwamba nyuma ya rimu kuna nati nyingine zinazotaka kuangaliwa, au dereva wako, au shemeji uliyemwazima gari. Tairi la akiba pengine ni la chuma, halina vishimo vya kupokea ncha za stadi, na nati za rimu za aloi hazilifai. Lijaribu ukiwa nyumbani mchana. Kama halikai juu ya spesa, basi kwenye buti pawepo nati zake, soketi ya nati za ndani na spana inayozifikia, ili spesa itolewe kwanza. Kwa magari ya boliti, boliti fupi za awali zikae kwenye mfuko pamoja na jeki, kwa sababu zile ndefu bila spesa zitagusa breki. Ndani ya mfuko huo weka kikaratasi kinachosema spesa ni ya unene gani, nati za nje zinakazwa kwa kipimo gani, za ndani kwa kipimo gani, na tarehe ya mara ya mwisho zilipokazwa.